Tanuri Kati ya Majeshi Mawili

Mtaani wanamwita Mama Hamira, na jina hilo lina sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake: ni mwokaji mikate, binti wa mwokaji mikate. Ya pili ni hasira zake. Ukimchokoza hakujibu papo hapo. Anakaa kimya, anaumuka taratibu, na ukija kugeuka unakuta amekijaza chumba kizima. Mumewe, ambaye kabla ya vita alikuwa karani wa posta na ambaye hakosi neno la kuchekesha hata msibani, hupenda kusema, "Mimi nilioa msichana mwembamba, mpole. Joto ndilo lililofanya mengine."

Tanuri lake aliachiwa na baba yake. Mzee alilijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, likatoka na mgongo wa mviringo kama wa ng'ombe aliyelala, na lilikuwa na sifa moja: lilishika moto. Ukioka alfajiri, jioni bado unaweza kukaushia kuni juu yake. Duka lenyewe lilikaa katikati ya mitaa miwili. Lilikuwa na dirisha la kuuzia upande wa juu wa mji na dirisha lingine upande wa chini, na kila asubuhi foleni zilikuwa mbili, kila foleni ikiamini ile nyingine inapewa mikate ya moto zaidi.

Kisha vita vikaingia. Vita vyetu havikuwa tofauti sana na vya wengine: waliovianzisha hawakupigana, na waliopigana hawakuulizwa. Jeshi la serikali lilishika upande wa juu, waasi wakashika upande wa chini. Mama Hamira na mumewe walikimbilia kambi ya wakimbizi na sufuria mbili na godoro. Binti yao wa pekee, aliyekuwa ameolewa upande wa chini, alibaki huko kwa mumewe. Kambini mama alikata pipa la mafuta katikati, akalifukia nusu, akaoka humo mikate iliyoungua chini na kubaki mbichi ndani. Watu waliila wakamshukuru, naye kila akishukuriwa alizidi kununa, maana alijua mkate ni nini.

Amani ilitiwa saini mbali, katika hoteli ya nchi nyingine. Waheshimiwa walikubaliana mapigano yasimame, wapiganaji wakusanywe kwenye kambi maalumu, na majeshi yatenganishwe kwa mstari. Mstari waliuchora kwenye ramani kwa kalamu nene. Sasa mstari wa kalamu nene, ukiushusha kutoka karatasini hadi ardhini, unakuwa mpana kuliko barabara. Ndivyo mji wetu ulivyopata ukanda usiokanyagwa na jeshi lolote wala na raia, ukilindwa na walinda amani wa kimataifa wenye kofia za buluu. Wakubwa waliuita ukanda wa utenganisho. Sisi tuliuita Katikati.

Mama Hamira aliporudi, alikuta nyumba yake ya kulala, upande wa juu, ina kuta zote na nusu ya paa.

"Nusu ya paa ni nusu ya mvua," mumewe akasema. "Tumshukuru Mungu."

Mkewe hakucheka. Alitua mzigo, akaenda moja kwa moja kwenye tanuri lake, na hatua chache kabla ya kufika akakuta utepe mwekundu na mweupe umekatiza njia. Nyuma ya utepe alisimama afisa mrefu, mwembamba, kofia yake ya buluu imemzidi kichwa. Huyu ndiye tuliyekuja kumwita Kapteni. Kiswahili alikisomea kwenye chuo cha jeshi cha kwao, katika kitabu kilichoandikwa, nadhani, na mtu aliyefariki zamani.

"Ewe mama," akasema, "nakuomba radhi. Hapa hapapitwi."

"Hapa kwangu?"

"Naam. Hapa kwako."

Mama Hamira akalitazama duka lake. Bati lilikuwepo. Dohani ya kutolea moshi ilikuwepo. Alimrudia Kapteni.

"Haya, mwanangu. Nyinyi mmekuja kufanya nini hasa?"

"Kutazama," Kapteni akajibu kwa heshima, "kuandika, na kutoa taarifa. Hayo ndiyo mamlaka tuliyopewa. Mataifa yamekaa, yakapitisha tufanye nini na tusifanye nini."

"Mkiona watu wanavunja mkataba?"

"Tunaandika."

"Wakiendelea?"

Kapteni akafikiri. "Tunaandika kwa msisitizo."

"Basi leta kiti, ukae unitazame nikioka mikate yangu. Ukishiba, andika."

Kapteni akacheka, kisha akanyamaza ghafla kama mtu aliyekumbuka kuwa kucheka hakumo katika mamlaka. Akamweleza kwa upole kwamba yeye binafsi hana kinyongo na mkate, ila Katikati haingii mtu mpaka pande zote mbili zikubaliane. Ipo kamati ya pamoja, inakaa kila wiki kwenye darasa la shule ya msingi. Aende huko.

Kabla ya kuondoka, Mama Hamira alisimama kwenye utepe akatazama ng'ambo. Kutoka pale aliliona paa la nyumba ya bintiye. Alikuwa amepata habari, kwa mwanamke mmoja aliyezunguka njia ya porini, kwamba binti amejifungua mtoto wa kike, na mtoto ameshaanza kutambaa. Kuvuka kihalali kulihitaji kibali cha pande zote mbili, na kibali hicho kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Bibi na mjukuu walikuwa wametenganishwa na upana wa kalamu.

Kamati ilikuwa na watu wawili wa maana. Upande wa serikali alikaa Meja, mtu mnene asiye mzaliwa wa mji wetu, magoti yamebanwa kwenye dawati la watoto. Upande wa waasi alikaa Kamanda, kijana wa upande wa chini aliyekwenda msituni na kurudi na miwani myeusi ambayo hakuivua hata mawingu yakitanda. Kapteni alikaa katikati yao, akiandika. Kwa miezi mingi kamati ile haikukubaliana hata dirisha lipi la darasa lifunguliwe, kwa hiyo yote yalifungwa, na wote walitoka jasho sawasawa.

Mama Hamira akasimama mbele yao kama mwanafunzi, akaeleza. Anataka kuwasha tanuri lake. Basi.

"Haiwezekani," Meja akasema. "Moshi unaweza kutumika kama ishara kwa adui."

"Ishara ya nini, baba?"

"Ishara ni ishara."

Kamanda naye akatikisa kichwa. "Halafu magunia ya unga yataingia Katikati kutoka upande wa serikali. Nani atajua ndani mna nini?"

"Mna unga, mwanangu."

"Kila gunia hujiita la unga."

"Kwa hiyo?"

"Hapana," Meja akasema.

"Hapana," Kamanda akasema, karibu kwa sauti moja.

Kapteni akainua kichwa. Macho yalimng'aa. "Samahani, waheshimiwa. Je, niandike kwamba pande zote mbili zimeafikiana?"

Meja akamtazama Kamanda, Kamanda akamtazama Meja. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea, na hakuna aliyejua litokeapo hufanywa nini.

"Andika," Meja akasema mwishowe, akisafisha koo.

Mama Hamira akajifunga kanga vizuri. "Hongereni wanangu," akasema. "Mataifa yametuma magari yote yale na hayakuweza. Mimi nimewapatanisha kwa dakika mbili, japo ni dhidi yangu mwenyewe."

Akaondoka. Nyumbani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akashika tama. Mumewe alimjua: akamwacha aumuke.

"Wameninyima," akasema baada ya muda mrefu. "Lakini wameninyima kwa pamoja. Watu wanaoweza kukataa pamoja, wanaweza kukubali pamoja."

"Kweli. Ndoa nyingi zimeanza hivyo."

"Tatizo ni kuwapata wakiwa na njaa."

Na njaa ilikuwepo. Wapiganaji wa Kamanda, waliokusanywa kambini kama mkataba ulivyotaka, walikuwa wakila biskuti za msaada ngumu kama vigae, na wengine walishaanza kunong'ona kwamba msituni angalau kulikuwa na nyama. Askari wa Meja walikula biskuti zilezile kutoka lori lilelile. Watu wakichoka kula vibaya hawaulizi mkataba unasemaje.

Kikao kilichofuata Mama Hamira alikwenda na mkate aliooka kwenye pipa, umefungwa kitambaa safi. Akauweka mezani, akaukata mwenyewe.

"Naomba radhi kwa mkate huu," akasema. "Chini umeungua, ndani haujaiva. Huu ndio unaotoka nje ya Katikati. Ule wa tanuri, mwenye kuujua anaujua."

Kamanda aliuma kipande, akatafuna polepole. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake hawakuwahi kuliona: akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya kijana tu.

"Baba yako," akasema, "nikitumwa mkate alikuwa ananiongezea ukoko wa pembeni. Bure."

Mama Hamira akamkazia macho. "Wewe ndiye yule aliyekuwa analia foleni ikiwa ndefu?"

Meja akaangua kicheko mpaka dawati likalia. Kamanda alirudisha miwani haraka, lakini wapi, maji yameshamwagika.

"Sasa sikieni," mama akasema kabla kicheko hakijaisha. "Afande Meja anaogopa moshi. Wewe unaogopa magunia. Kila mmoja alete mtu wake mmoja, bila silaha, akae humo ndani na mimi. Afungue kila gunia, atazame kila moshi. Mkate ugawanywe sawa, upande wa juu na upande wa chini. Ila mtu wa kukaa bure kwangu simtaki. Atakayekuja kutazama atakanda unga."

Walibishana hadi Meja aliposema kitu kilichowashangaza wote. "Mimi huo mkate siujui," akasema. "Na ninyi wawili mmenifanya nijione mgeni. Nakubali."

Ikabaki kwa Kapteni. Aliuliza wakubwa wake, wakubwa wakauliza wakubwa wao, na jibu liliporudi alikuja nalo mwenyewe nyumbani kwa Mama Hamira, amekunja uso.

"Ewe mama, mamlaka yetu haikutaja mkate."

"Imeukataza?"

"Haikuukataza. Wala haikuuruhusu."

"Kapteni, kwenye nyumba yangu, chakula ambacho hakikukatazwa kimeshaliwa."

Upande wa serikali ulimleta Sajenti, jitu la miraba minne lenye sauti ya radi ambalo lilikuwa na haya mbele ya wanawake. Waasi walimleta mwanamke waliyemwita Sindano, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu ya ulimi wake. Wote wawili walikuwa wamepigana kwenye mitaa ileile, huenda usiku uleule. Siku ya kwanza waliingia kila mmoja kwa mlango wake, wakasimama kila mmoja kwenye pembe yake, na kwa lolote walilotaka kuambiana walimtumia Mama Hamira.

"Mwambie huyo bwana amesimama kwenye mwanga wangu."

"Mwambie huyo dada mwanga hauna mwenyewe."

"Mimi si posta," Mama Hamira akasema. "Mume wangu ndiye alikuwa posta. Shikeni mafagio."

Walisafisha kuanzia sakafu hadi dari. Mchana Sindano, kwa kuwa ndiye mwembamba, aliingiza kichwa na mabega ndani ya tanuri kukwangua majivu ya miaka ya vita. Mara akatulia. Miguu yake iliyobaki nje ikakakamaa.

"Sajenti," akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumwita moja kwa moja. Sauti ilitoka ndani ya matofali kama ya mtu aliye kisimani. "Humu mna kombora."

Halikuwa limelipuka. Lilikuwa limetumbukia kupitia dohani wakati wa mapigano, likalala kwenye majivu kama yai. Sajenti hakupiga kelele. Alipiga magoti, akamshika Sindano vifundo vya miguu, akamwambia atoe pumzi taratibu, asiguse ukuta, na akamvuta nje kidogo kidogo, kama vile mtu anavyovuta mkate laini usivunjike. Wote watatu wakatoka wakinyata, wakalala chini nyuma ya ukuta wa ua, nyuso kwenye vumbi.

"Lenu au letu?" Sajenti akanong'ona.

"Mkia wake una rangi ya kijani."

"Letu," Sajenti akakiri. "Samahani."

Mama Hamira alisema baadaye kwamba hakuwahi kusikia mtu akiomba radhi kwa kombora, tena akiwa amelala kifudifudi.

Kapteni alipoletewa habari, kwanza alisawijika kwa hofu, kisha uso ukamchanua. "Hili limo!" akapaza sauti. "Kuondoa mabomu yaliyobaki vitani! Limo katika mamlaka, waziwazi!" Tangu afike mjini kwetu hakuwa amepata nafasi ya kufanya jambo kwa mikono yake. Akaleta wataalamu wake, wakaufunga mtaa, wakalitoa lile dubwana kwa uangalifu wa mkunga, wakalilipua machimboni nje ya mji. Siku hiyo Kapteni alitembea kama aliyepandishwa cheo.

Baada ya hapo Sajenti na Sindano hawakumtumia tena Mama Hamira kufikisha maneno yao. Walizozana wenyewe kwa wenyewe, na hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Donge la unga wa foleni mbili haliinuliki na mtu mmoja. Lazima mmoja ashike huku mwingine kule, muinuke pamoja, la sivyo linawamwagikia miguuni. Liliwamwagikia mara mbili. Mama Hamira aliwafundisha kukanda kwa uzito wa mwili na siyo kwa nguvu za mkono, kulifunika donge na kuliacha lipumzike, na kutolifunua kila mara kulichungulia.

"Hata amani," Sajenti akasema siku moja, akijaribu kuwa na hekima.

"Nyamaza ukande," wanawake wote wawili wakamjibu.

Siku ya kuwasha moto, pande zote mbili zilitangaziwa: asubuhi mtaona moshi Katikati, ni wa mkate. Kila mtu alijua, isipokuwa mlinzi mmoja wa upande wa juu aliyekuwa amerudi kutoka likizo jana yake. Huyo aliona moshi mweusi wa kuni mbichi unapanda kutoka mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu, akapuliza filimbi kwa mapafu yake yote. Askari wa juu wakakimbilia mahandaki yao. Upande wa chini walipoona wa juu wanakimbia, nao wakakimbia. Kufumba na kufumbua, bunduki zilikuwa zimeelekezana kutoka ncha mbili za mtaa wetu, kama zamani, na duka la mikate katikati.

Kapteni alitoka akasimama barabarani, mikono ameinyoosha pande zote mbili, kofia imemshukia machoni. Hakuwa na bunduki mkononi. Watu wengi tulimcheka Kapteni kabla ya siku ile. Baada ya siku ile hakuna aliyemcheka kwa dharau tena.

Ndani, mikate ilikuwa imefikia pale ambapo ukiiacha kidogo tu inaungua. Mama Hamira alikuwa na kibao kirefu cha kutolea mikate mkononi.

"Tulale chini," Sindano akasema.

"Mikate?"

Wakaangaliana. Kisha Sajenti, amejaa unga mpaka kwenye nyusi, akafungua mlango wa juu akasimama mlangoni.

"Shusheni silaha, wapumbavu nyie!" radi ikanguruma. "Huu ni moshi wa mkate! Nimekanda mwenyewe!"

Sindano naye akatoka mlango wa chini, aproni imemzunguka mara mbili kwa wembamba wake. "Anayetaka kupiga apige," akaita. "Ila mjue niko humu ndani, na nikipona nitawafuata mmoja mmoja."

Hakuna aliyepiga. Mama Hamira alifungua mdomo wa tanuri akaanza kutoa mikate, maana hakuna mwingine wa kuitoa, na harufu ikatoka. Harufu ya mkate haikuwa na habari za mstari. Ilipanda juu na ikashuka chini. Pale mahandakini, mtu mmoja, hatujui wa upande gani, alicheka. Akafuata mwingine. Mtutu mmoja ukashuka, na mingine ikaufuata.

Meja na Kamanda waliwasili wakihema, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana mlangoni wakagongana. Mama Hamira akaumega mkate wa kwanza, akawapa nusu kwa nusu, ungali unafuka mvuke. Meja alikula amesimama, macho ameyafumba.

"Kumbe," akasema.

Baada ya hapo mama alikaa juu ya gunia la unga akalia, mabega yakimtikisika, na Sindano, yule wa ulimi mkali, alikaa karibu yake akamshika mkono bila neno hata moja.

Mikate ikaanza kuuzwa kwa madirisha yote mawili. Kamati iliruhusu watu wakaribie kwa foleni, wachukue, waondoke. Asubuhi ya pili, kwenye dirisha la chini, foleni ilisogea, na uso uliotokea ulikuwa wa bintiye. Amekonda kidogo, amejifunga mtoto ubavuni.

Walitazamana. Binti alijaribu kuamkia, shikamoo ikakwama kooni.

"Marahaba," mama akamjibu hivyohivyo. "Umekonda. Huyo mumeo hakulishi?"

"Mama, kulikuwa na vita."

"Najua kulikuwa na vita. Nauliza kula."

Wakacheka na kulia kwa pamoja, na watu wa foleni wakajifanya wanatazama angani. Mama Hamira akapitisha mikono dirishani amchukue mjukuu. Mtoto akautazama mkate kwanza, bibi baadaye. Akanyakua ukoko, kisha akalala kifuani mwa bibi akiutafuna kwa meno mawili. Sajenti alikuwa na wajibu wa kuripoti mtu yeyote aliyevushwa Katikati. Aligeukia ukuta akakagua matofali kwa makini sana, na mtoto alipita dirishani, akaogeshwa kwa mabusu, akaonyeshwa babu yake kwenye dirisha la juu, akarudishwa. Babu alisema mtoto amefanana na yeye. Bibi akasema Mungu aepushie mbali.

Kuanzia hapo kamati ilihama darasani ikaja kukaa dukani. Walisema ni kwa sababu ya usalama. Wote tulijua ni ukoko. Meza ya kukandia ilikuwa pana, haina upande wa juu wala wa chini, na mtu mwenye mkate mdomoni hawezi kumkatiza mwenzake. Sitasema mambo yalikwenda kama maji. Mara mbili Meja aliondoka amenuna, mara moja Kamanda alipiga meza, akainuka na unga kwenye kiwiko. Lakini walikubaliana kubadilishana mateka. Walikubaliana barabara ya hospitali ifunguliwe. Wapiganaji wa kambini walianza kukabidhi bunduki zao, wengine wakaingia jeshi jipya la pamoja, wengine wakarudi kulima. Na asubuhi moja walinda amani walipita wakiukunja ule utepe wao mwekundu na mweupe, na Katikati ikarudi kuwa mtaa.

Muda wa walinda amani uliongezwa, ukapunguzwa, ukaisha. Siku ya kuaga Kapteni alikuja na kofia kwapani. Kiswahili chake kilikuwa kimeiva kwenye foleni.

"Mama, ndo natoka hivyo," akasema. "Usinisahau bwana."

Mama Hamira alimpakia mikate mingi kuliko alivyoweza kubeba, akamwagiza amsalimie mama yake mzazi, na amwambie alizaa mtu.

Sajenti aliacha jeshi, akarudi kijijini kwao, na habari tunazopata ni kwamba amejenga tanuri kubwa kuliko nyumba yake. Ila Sindano alibaki. Alifanya kazi na Mama Hamira mpaka akaujua mkono wake wote, kisha siku moja akaja kuaga kwa adabu, akaenda akafungua duka lake mwenyewe la mikate, upande wa chini, mwendo wa kutupa jiwe.

Mama Hamira aliumuka kwa wiki nzima. "Nimemfundisha mimi," alikuwa akisema. "Nimemfundisha mpaka kutochungulia donge." Lakini mtu mwingine akithubutu kumsema Sindano mbele yake, anafukuzwa dukani bila mkate.

Juzi alimtuma mumewe akanunue mkate wa Sindano kwa siri, aonje. Mzee alikwenda, akakaa huko kitambo kirefu akipiga soga, akarudi na mkate chini ya koti, na salamu.

"Salamu za nini?" mkewe akauliza. "Si nilikwambia kwa siri?"

"Amenipa mwenyewe. Amesema, mpelekee mama, anauona umepungua nini?"

Mama Hamira akauvunja mkate, akaunusa, akabonyeza ndani kwa kidole, akatazama ulivyorudi. Akala kipande. Mumewe akangoja hukumu.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema, na akamega kipande kingine.